Dalali wa Nyumba na Apimwe kwa Kazi Yake

Mtumishi wa umma anayehamishwa kituo, mwalimu anayepangiwa shule katika mji asioufahamu, na mstaafu anayeshika kiinua mgongo chake kwa mara ya kwanza, wote watatu hukutana na mtu mmoja kabla hawajakutana na mwenye nyumba au mwenye kiwanja. Mtu huyo ni dalali. Ndiye ajuaye nyumba ipi imeachwa wazi, nani anauza shamba lake, na bei za mtaa zimefika wapi. Katika miji ya Tanzania leo ni vigumu kupata mahali pa kuishi bila kupita mlangoni kwake.

Kwa sababu hiyo, swali la dalali gani aaminiwe na yupi aepukwe si jambo la kuachiwa bahati. Akiba ya miaka 30 ya kushika chaki yaweza kupotea kwa asubuhi moja. Kiwanja kikiisha kuuzwa kwa watu wawili, kesi yake yaweza kuchukua miaka, na siku ya kutoa ushahidi yule aliyepokea ujira wa kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi haonekani tena chini ya mwembe alipozoea kukaa. Anayetafuta mahali pa kujenga hana budi kumchagua dalali kwa makini yale yale ambayo angemchagulia fundi wa kumjengea.

Udalali si kazi ya jana. Neno lenyewe limetokana na Kiarabu, na katika miji ya mwambao dalali alijulikana tangu zamani kuwa mtu wa kunadi mali hadharani au wa kumkutanisha muuzaji na mnunuzi, akapata ujira wake kwa kazi hiyo. Lakini udalali wa nyumba na viwanja haukuwa na nguvu wakati wote. Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi usio na kikomo, uliorithiwa kutoka kwa wakoloni, ulifutwa. Mwaka 1971 majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na zile za Shirika la Nyumba mwaka 1990. Katika miaka hiyo ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Kilicholipiwa ni kile kilichojengwa au kupandwa juu yake.

Mambo yalibadilika. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995, na baada yake Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, zilikiri kwamba haki juu ya ardhi ina thamani na kwamba thamani hiyo izingatiwe haki hiyo inapohamishwa. Ardhi yote imebaki kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Lakini haki ya kuitumia hununuliwa na kuuzwa. Wakati huo huo miji ilipanuka kwa kasi kuliko upimaji wa viwanja. Na Serikali ilipoanza mwaka 2016 kuutekeleza kwa nguvu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma, maelfu ya watumishi walijikuta wakitafuta vyumba, nyumba na viwanja katika mji ambao wengi wao walikuwa wakiufahamu kwa safari za kikazi tu. Penye pengo hilo ndipo dalali alipoingia.

Haifai kuwaita madalali wote kupe. Mtu anayetembea juani kutwa nzima akimtafutia mwenzake nyumba anafanya kazi, na mfanyakazi anastahili ujira. Mwalimu aliyeripoti kituoni Jumatatu hana nafasi ya kuzunguka Nkuhungu, Kisasa na Iyumbu akibisha hodi nyumba kwa nyumba. Mjane anayetaka kuuza shamba la mumewe huko Chanika hawajui wanunuzi walioko mjini. Dalali mwema humpunguzia kila mmoja wao wiki za usumbufu, na akiwa na ujuzi huwaepusha na hasara.

Tatizo ni kwamba yeyote anayeufahamu mtaa aweza kuamka asubuhi akajiita dalali. Wakili ana chombo kinachomwajibisha. Mthamini husajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2016, na mpimaji ardhi naye ana bodi yake. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1984 iliweka bodi ya kuwasajili mawakala wa majumba, ikapiga marufuku kazi hiyo kufanywa na asiyesajiliwa. Tanzania Bara, kwa miaka mingi, udalali wa nyumba umeendeshwa bila sheria yake maalumu. Dalali aliyetakiwa kuwa na chochote alitakiwa kuwa na leseni ya biashara kama muuza duka. Maana yake ni kwamba kazi ya kumchuja dalali imemwangukia mteja mwenyewe. Na mteja asiyejua kuchuja hunywa na makapi.

Jambo la kwanza la kuulizwa ni hili: dalali huyu anamtumikia nani? Wengi hawaulizi. Humwona dalali akiwachekea, akiwabebea mwavuli, akiwaita ndugu, wakadhani yuko upande wao. Kumbe mara nyingi ametumwa na muuzaji, na ujira wake hupanda bei inapopanda. Hakuna dhambi kwa dalali kumtumikia muuzaji. Dhambi ni kuficha. Dalali mwaminifu atasema wazi mwanzoni kwamba ametumwa na mwenye mali, atalipwa na huyo, na kiasi chake ni hiki. Anayepokea kwa muuzaji na kwa mnunuzi, kila mmoja asijue habari za mwenzake, hawezi kumtetea yeyote kati yao.

Sheria haikunyamaza juu ya jambo hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayo sehemu inayohusu uwakala, nayo inamfunga kila mtu anayefanya shughuli kwa niaba ya mwingine. Wakala anatakiwa kutumia bidii na ujuzi unaotarajiwa kwa kazi yake. Anatakiwa kutoa hesabu kila anapodaiwa. Akijinunulia mwenyewe kwa siri mali aliyotumwa kuiuza, aliyemtuma aweza kuukataa mkataba huo. Na wakala aliyeiendesha shughuli kwa utovu wa uadilifu hana haki ya kudai ujira wa shughuli hiyo. Basi ule mtindo wa dalali kumwambia mwenye shamba kwamba mnunuzi ametoa milioni 8, na kumwambia mnunuzi kwamba mwenye shamba anataka milioni 12, kisha kuiweka tofauti mfukoni, si werevu wa mjini. Ni uvunjaji wa sheria. Huitwa "cha juu" vijiweni, lakini jina zuri halibadili tendo.

Dawa yake ni rahisi: muuzaji na mnunuzi wakutane ana kwa ana, bei itajwe mbele ya wote, na ujira wa dalali uandikwe kando ya bei. Dalali anayekwepa mkutano huo kwa visingizio, mara mwenye mali yuko safarini, mara mzee hapendi kuonana na watu, amekwisha kujieleza. Hahitaji kuulizwa zaidi.

Dalili nyingine za uaminifu huonekana kabla fedha hazijatajwa. Dalali wa kuaminika ana mahali anapopatikana, hata kama ni kibanda kidogo, na viongozi wa mtaa wanamjua kwa jina lake kamili. Ana leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi, wala haoni haya kuzionyesha. Aweza kuwataja watu aliowahudumia mwaka jana na juzi, na watu hao wakiulizwa husema walikabidhiwa walichoahidiwa. Hamharakishi mteja. Yule anayesema kwamba kuna mtu mwingine njiani na fedha mkononi, kwamba lazima malipo yafanyike kabla ya jua kuchwa, anajaribu kumnyima mnunuzi muda wa kuuliza. Kiwanja kisichoweza kungoja siku saba za ukaguzi kina sababu yake ya kutongoja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Hata hivyo uaminifu peke yake hautoshi. Wapo madalali wenye moyo safi kabisa ambao wamewaingiza wateja wao katika hasara kwa kutojua. Ndiyo maana ujuzi wa dalali nao lazima upimwe, na njia nyepesi ya kuupima ni kumwuliza juu ya karatasi.

Dalali anayeijua kazi yake ataeleza bila kubabaika tofauti ya hati ya kumiliki ardhi, barua ya toleo, leseni ya makazi, hatimiliki ya kimila ya kijijini, na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Hati hutolewa kwa kipindi maalumu, nacho hakizidi miaka 99; dalali mjuzi ataangalia imebaki miaka mingapi na kiwanja kimetengwa kwa matumizi gani. Leseni ya makazi ni ruhusa ya muda katika maeneo yasiyopangwa, haina uzito wa hati. Karatasi ya mtaa ni ushahidi kwamba watu waliuziana. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza. Anayesema kwamba karatasi hizi zote ni kitu kimoja, kwamba mhuri ni mhuri, ama hajui ama hataki mnunuzi ajue. Katika hali zote mbili hafai.

Kiwanja kilichosajiliwa kina habari zake katika daftari la Msajili wa Hati. Humo huandikwa jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio kama limewekwa na mtu anayedai haki. Upekuzi wa daftari hilo hufanywa kwa ada, na matokeo yake hutolewa kwa maandishi. Dalali mwema ndiye wa kwanza kuushauri. Ataomba pia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, kwa kuwa deni la miaka mingi litamsumbua mmiliki mpya. Ataomba ramani ya upimaji na kuyatafuta mawe ya mipaka ardhini pamoja na mpimaji, badala ya kunyoosha kidole kuelekea mnazi na kusema mpaka uko kule. Mali bila daftari huisha bila habari, na methali hiyo haikutungiwa wenye maduka peke yao.

Baada ya karatasi, aulizwe juu ya mahali penyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Lakini zipo sehemu zenye hifadhi pana zaidi kwa sheria za zamani, na wakazi wa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, walilifahamu jambo hilo kwa uchungu nyumba zao zilipobomolewa mwaka 2017. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, mto au ziwa. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliwatoa watu Bonde la Msimbazi, na baadhi yao wakapewa viwanja Mabwepande. Dalali anayeonyesha kiwanja cha bondeni wakati wa kiangazi, majani yakiwa makavu na ardhi ngumu, aulizwe maji hufika wapi mwezi Aprili. Kisha majirani waulizwe swali hilo hilo, yeye akiwa hayupo.

Pembezoni mwa miji kuna hatari ya aina yake. Mashamba mengi yanayokatwa vipande na kuuzwa ni ardhi ya kijiji, ambayo Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wa Kijiji vina kauli juu yake. Mwenyekiti hana mamlaka ya kuigawa peke yake, akiwa mezani kwake na mhuri mkononi. Dalali anayedai kwamba amemalizana na mwenyekiti, na kwamba hiyo yatosha, anamwuzia mnunuzi mgogoro na kijiji kizima.

Nyumba ya familia nayo ina ulinzi wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi anayeonyeshwa nyumba na bwana peke yake, mama watoto akiwa amepelekwa kijijini kusalimia wazazi, lazima aulize ridhaa iko wapi. Vivyo hivyo kwa mali ya marehemu. Mtoto wa kwanza hawi mwenye mamlaka ya kuuza kwa sababu ya kuzaliwa mwanzo. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye anawajibika kwa warithi wote. Dalali anayeyajua haya huyauliza kabla ya kumpeleka mteja kwenye nyumba. Asiyeyajua humpeleka mteja, kisha miaka mitatu baadaye mteja huitwa barazani.

Ujuzi wa dalali huonekana zaidi pale anapokiri mwisho wa ujuzi wake. Bei ya haki husemwa na mthamini aliyesajiliwa, mipaka huonyeshwa na mpimaji, na mkataba huandikwa na wakili. Dalali anayejigamba kwamba yeye ndiye yote hayo, na kwamba wakili ni gharama za bure, amwachie mteja nafasi ya kuondoka. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi ili mahakama iutambue. Na kwa ardhi iliyosajiliwa, uhamisho haukamiliki mpaka usajiliwe. Kati ya kutia sahihi na kusajiliwa kuna kodi ya kulipwa Mamlaka ya Mapato, kuna ushuru wa stempu, kuna idhini za kuombwa. Wanunuzi wengi huishia kwenye sahihi, wakaiweka karatasi sandukuni, wakaamini wamemaliza. Dalali mwema huwakumbusha kwamba ndiyo kwanza wamefika nusu ya safari.

Kuhusu fedha, kanuni ni moja: fedha za mwenye mali ziende kwa mwenye mali. Zipitie benki, katika akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye hati, na risiti ibaki. Zisipite mfukoni mwa dalali, hata kama ni binamu. Ujira wa dalali ulipwe shughuli ikikamilika, kwa kiasi kilichoandikwa tangu mwanzo, naye atoe stakabadhi. Malipo yoyote yanayodaiwa katika ofisi ya mtaa nayo yadaiwe stakabadhi. Kinachodaiwa kisheria hakiogopi kuandikwa.

Mpangaji naye asidhani kwamba haya hayamhusu. Mwalimu mpya, mwenye mshahara wake wa kwanza, hukutana na desturi ya kulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Kabla ya hapo hutozwa fedha ya kuonyeshwa, chumba baada ya chumba, na vingine vimekwisha kupangishwa siku nyingi. Kuna wanaojipatia riziki kwa fedha hizo za kuonyeshwa tu, bila nia ya kumpatia mtu chumba. Picha iliyotumwa kwa simu haionyeshi choo kilichoziba wala bomba lisilotoa maji. Mpangaji akubaliane na dalali kwamba atalipa akipata. Aone nyumba mchana na usiku. Ahakikishe anayejiita mwenye nyumba ndiye, kwa kuuliza majirani na ofisi ya mtaa. Na mkataba utaje kodi, muda, na notisi ya kuhama. Hata chumba kimoja kinastahili karatasi.

Lakini lawama zote zisitupwe kwa madalali. Wapo wanunuzi, na miongoni mwao wasomi wenye vyeo, ambao humtafuta dalali mjanja kwa makusudi. Hupenda aliyezoea kupenya. Humkubalia anaposhauri mkataba uandikwe bei mbili, moja ya kweli mfukoni na nyingine ndogo ya kuwapelekea wakusanya kodi. Mtu wa namna hiyo ajue mambo mawili. Kwanza, dalali anayemfundisha kuidanganya Serikali ana ujuzi wote wa kumdanganya yeye. Pili, siku mauzo yakivunjika, mahakama itasoma bei iliyoandikwa. Aliyelipa milioni 20 na kuandika milioni 9 atapata taabu kubwa kudai zile 11 alizozificha kwa mkono wake mwenyewe.

Wapo pia watumishi wa umma wanaoshirikiana na madalali kutoka ndani ya ofisi. Habari kwamba eneo fulani litapimwa humfikia dalali kabla ya mwenye shamba. Jalada la mwananchi hufichwa mpaka apite kwa mtu wa nje anayejulikana. Mwenye shamba huuza kwa bei ya mahindi ardhi ambayo mwaka unaofuata itauzwa kwa bei ya viwanja. Mtumishi anayefanya hivyo amekwisha kuwa dalali, tena wa aina mbaya kuliko wote, kwa kuwa anauza kitu alichokabidhiwa na umma bila kununua chochote. Wakuu wa idara wanaolijua jambo hili na kulinyamazia wanashiriki.

Yako mambo ambayo vyombo vya wafanyakazi vyaweza kuyafanya bila kungoja. Ofisi inayompokea mtumishi aliyehamishwa yaweza kumpa orodha ya maeneo yaliyopimwa na maelezo ya namna ya kufanya upekuzi. Vyama vya akiba na mikopo vyaweza kukataa kutoa mkopo wa kununua kiwanja mpaka mwanachama alete matokeo ya upekuzi. Vyama vya wafanyakazi, ambavyo hupokea michango kila mwezi, vyaweza kumlipa wakili mmoja awasomee wanachama mikataba yao kabla hawajatia sahihi. Semina za wanaokaribia kustaafu hufundisha ufugaji wa kuku na uwekaji wa akiba. Ziongeze somo la kununua ardhi, kwa maana mstaafu wa miaka 60 akipoteza kiinua mgongo hana miaka mingine 30 ya kukirudisha.

Na Serikali nayo ina wajibu wake. Dalali asajiliwe, atahiniwe, awe na daftari la fedha na mahali pa kushtakiwa anapokosa. Usajili huo usigeuzwe kuwa mradi wa kutoza ada tu, wala usiwaache nje vijana wa mitaani wanaoijua kazi lakini hawana elimu ya darasani. Wafundishwe, wapewe vitambulisho, wawajibike. Dalali mwaminifu atanufaika kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu leo hii jina lake linachafuliwa na wenzake, na yeye hana namna ya kuwatenga.

Mpaka hayo yatimie, kinga kubwa ya mwananchi ni maswali yake. Dalali ni nani, anamtumikia nani, amewahudumia akina nani, analipwa kiasi gani, na yuko tayari kuandika lipi kati ya yale anayoyasema kwa mdomo? Dalali aliye mwema hatachukizwa na maswali hayo. Atayajibu mara moja, kwa kuwa ameyazoea. Atakayekasirika aachwe na hasira zake. Kutafuta dalali mwingine hugharimu siku chache. Kutafuta haki ya kiwanja kilichoibwa huanzia barazani, hupanda Mahakama Kuu, na wengine huifikisha Mahakama ya Rufani wakiwa wazee, wakiegemea mikongojo, wangali wanalipa kodi katika nyumba za watu.